Andika Sababu

Sitajifanya mtu mwema. Bertrand Mukendi nilimchukia tangu asubuhi ile alipoingia ofisini kwetu Butembo na mkoba wa ngozi na viatu vinavyong'aa, katikati ya kiangazi, wakati hata viatu vya paroko ni vyekundu kwa vumbi. Alitusalimia kwa Kilingala. Nikamjibu kwa Kinande, lugha ya kwetu, makusudi. Akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa, na tangu hapo hatukupatana hata siku moja.

Mimi naitwa Marie-Jeanne Kahongya. Ninafanya kazi kwa Papa Kitsa Lusenge, ambaye agence yake inapitisha mizigo kutoka Uganda: inaingilia Kasindi mpakani, inapita Beni, inafika Butembo. Kila lori lina ukurasa wake katika programu yetu, na ukurasa unasema namba ya lori, jina la dereva, mzigo, na mahali lilipo. Parking ya Kasindi. Barabarani. Beni. Butembo. Programu hiyo niliitengeneza mwenyewe miaka minane iliyopita, mtoto mgongoni, umeme ukija na kuondoka unavyopenda. Madereva hawakuwa na haja ya kuifungua. Walinipigia simu, wakasema Maman, rekebisha pale, nami nikarekebisha palepale kwa kidole changu. Hapakuwa na fomu wala sahihi. Sisi wafanyabiashara wa Kinande tunapeana shehena nzima kwa neno la mdomo, na ukimwomba mtu wa kwenu aandike, umemwambia usoni kwamba humwamini. Nilifanya kazi kama nilivyolelewa.

Mukendi alikuja na dini nyingine. Alizaliwa Kananga, akasoma Kinshasa, na Papa Kitsa alimleta kwa sababu wateja wa Kampala walikuwa wakilalamika kwamba programu yangu inalala kila mvua inaponyesha. Aliihamisha yote kwenye seva za mbali. Kila kipande cha programu akakifunga peke yake katika kile wanachokiita kontena, na Papa Kitsa alipoelezwa jambo hilo aliuliza kontena hizo zinalipiwa ushuru wapi. Nilicheka mpaka machozi. Mukendi hakucheka. Alichukua kalamu akamchorea mzee wa watu.

Kisha akaleta depo. Depo ni mahali pamoja mtandaoni ambapo kila kitu kinaandikwa jinsi kinavyotakiwa kuwa, hata kurasa za malori. Ukitaka kubadilisha jambo, unaliandika humo pamoja na jina lako na sababu, halafu mtu wa pili analikubali. Baada ya hapo kuna programu moja, sisi tuliiita gardien, yaani mlinzi, ambayo inasoma depo kila dakika tatu na kuifanya mashine ifanane na yaliyoandikwa. Ukipitia mlango wa nyuma ukabadilisha kitu kwa mkono, gardien anakirudisha kilivyokuwa. Tena anaandika saa na jina lako.

Mtu wa pili wa kunikubalia mimi alikuwa nani? Alikuwa Mukendi. Na kazi yake kubwa ilikuwa kunirudishia nilichoandika, na maneno mawili chini yake: andika sababu. Namba ya simu ya dereva imebadilika, andika sababu. Lori limepakwa rangi nyingine, andika sababu. Mwezi wa pili nilikuwa nikiyaona maneno yale hata nikifumba macho.

Mwezi wa nane baada ya kufika kwake, Papa Kitsa alituita sote wawili. Mteja mkubwa wa Kampala alitaka ndani ya agence awepo mtu mwenye cheti cha kazi hii ya depo na gardien, cheti kinachojulikana dunia nzima. La sivyo angepeleka mizigo yake kwa wengine. Mtihani wake ni maswali sitini kwa dakika tisini, mtandaoni, kwa Kiingereza, umejifungia chumbani na mtu usiyemjua akikutazama kwa kamera. Papa Kitsa alikuwa amelipia nafasi moja.

"Batu babili, examen moya," alisema. "Mutaenda Beni wiki tatu, kule kuko antene na courant ya umeme. Kisha nitakuja mwenyewe kubapima. Mwenye atashinda njo atafanya examen, na atabakia chef, mukubwa wa hapa Butembo. Mwenye atashindwa ataenda Kasindi. Donc, musome."

Mukendi aliandika katika daftari lake. Mimi sikusikia kitu kingine baada ya neno Kasindi.

Lazima niseme kwa nini. Mume wangu Mathe alikuwa dereva wa Papa Kitsa, na barabara ya Kasindi hadi Beni ndiyo iliyomchukua. Lori lake lilishambuliwa mahali penye msitu. Ni miaka minne sasa. Tangu siku hiyo sijakanyaga Kasindi, na nilikuwa nimejiapia kwamba sitakanyaga, si kwa mshahara wala kwa amri. Kila mtu ofisini alijua hivyo na kila mtu alidhani anajua sababu.

Tuliondoka Jumatatu kwa gari la agence. Kilomita hamsini na kitu, na hatukusemezana. Tulipofika Kalunguta dereva alisimama, nikanunua matunda ya marakuja kwa mama mmoja wa barabarani, nikampa dereva, nikala mwenyewe, nikamwacha Mukendi ameze mate. Yeye alikuwa na shughuli zake. Kila barrière tuliyopita, kila kizuizi cha barabarani, alitoa daftari, akatazama saa, akaandika. Nilimuuliza dereva kwa Kinande kama mwenzetu huyu huandika pia akienda chooni, na dereva akacheka hadi gari likayumba. Nadhani Mukendi alielewa.

Ofisi ya Beni ni vyumba viwili, na mbele yake jirani anaanika kakao kwenye maturubai, kwa hiyo kuanzia saa nne asubuhi hewa yote inakuwa chachu. Humo alikuwamo Victoire, secrétaire, msichana mpole wa hapohapo Beni anayeniita Yaya, dada mkubwa. Alitutengea meza moja. Nikaomba ya pili. Hakukuwa na ya pili, kwa hiyo nikachukua chaki nikapiga mstari katikati.

Mukendi alikuwa ametengeneza vikaratasi mia mbili na kumi, swali upande huu, jibu upande wa pili, kwa mwandiko ulionyooka kama wa masista. Alivisoma kwa sauti. Nilimwambia katekisimu nilimaliza nikiwa na miaka kumi. Akaendelea, na swali la kwanza lilikuwa lilelile kila asubuhi: mtu akibadilisha kitu kwa mkono kwenye mashine, kinatokea nini? Jibu: gardien anaona tofauti, anakirudisha kilivyoandikwa, anaandika saa na jina. Kufikia wiki ya pili Victoire alikuwa analijibu huku anapepeta mchele.

Sitadanganya kwamba Mukendi hakujua. Alijua. Alijua kurudisha toleo la jana endapo la leo limeharibika, alijua kupeleka toleo jipya kwa malori kumi kwanza kabla ya mia. Alijua Kiingereza cha maswali yale yanayokutega kwa neno moja mwishoni. Mimi nilijua mashine. Ningeweza kuisikia ikiumwa kabla haijaanguka. Lakini hakuna kikaratasi kilichouliza hilo, na hilo lilinichoma moyo kila siku. Nilimwekea redio. Alinifichia chaja. Nilipokosea swali alisema "voilà" polepole, na nilipopatia hakusema kitu.

Siku moja ya wiki ya tatu, mvua ikinyesha, dereva mmoja alinipigia kutoka Kasindi. Namba ya lori lake ilikuwa imeandikwa vibaya, na kwenye barrière walikuwa wamemzuia. Zamani ningemaliza kwa sekunde kumi. Sasa niliandika rekebisho katika depo nikamtumia Mukendi, ambaye alikuwa amekaa upande wa pili wa mstari wa chaki, karibu kiasi cha kumgusa. Akalirudisha. Andika sababu.

"Dereva iko ananyeshewa, na weye unaniuliza sababu?" nilisema.

"Andika basi: dereva ananyeshewa, namba ilikosewa. Ni mustari moya tu."

"Weye ulifika hapa juzi. Hii kazi tulikuwa tunaifanya mbele haujajua Kasindi iko wapi."

Aliweka kalamu chini. Akasema kwa sauti ileile ya kusoma vikaratasi kwamba wakati anahamisha kurasa za zamani alikuta nakala mbili za siku moja ambazo hazipatani. Lori la marehemu mume wangu. Nakala ya saa tisa ilisema liko barabarani. Nakala ya saa kumi ilisema liko parking ya Kasindi.

"Gari hairudi yenyewe nyuma," alisema. "Mutu aliirudisha parking na mukono. Programu yako hapana kuandika ni nani. Mama Kahongya, munajua ni nani?"

"Hapana," nilisema.

Nikaandika sababu. Niliandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena. Akalikubali rekebisho na dereva akapita.

Nilijua ni nani. Siku ile, Jumanne, Mathe alinipigia akiwa tayari njiani. Papa Kitsa alikuwa amekataza lori lolote kutoka Kasindi bila msafara wa wanajeshi, na msafara ulikuwa wa Alhamisi. Mathe hakutaka kungoja. Karani wa Kasindi, Éphraïm, kijana mwangalifu, alikuwa amemwandika sawasawa kwamba ametoka saa nane. Mathe akaniambia, cheka basi, uniweke tena parking, mzee asije akanigombeza. Nilicheka. Nikamweka parking kwa kidole hiki. Kawaida lori likiandikwa kwamba liko barabarani, ofisi ya Beni humpigia dereva simu kila saa, na asipojibu wanaenda kulitafuta. Lori lililo parking halitafutwi na mtu. Alipatikana Alhamisi, msafara ulipopita. Daktari alisema hakufa Jumanne.

Papa Kitsa aliuliza kwa nini orodha ilisema parking. Éphraïm aliapa kwamba aliandika ametoka. Hakuna aliyemwamini, maana orodha ilikuwa pale. Alifukuzwa wiki ya mazishi, nami nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikamwona akipita uani kuja kunipa pole, na sikufungua mdomo. Nasikia sasa anabadilisha pesa palepale mpakani, chini ya mwavuli.

Hiyo ndiyo sababu nilikataa Kasindi. Barabara ni nusu tu. Nusu nyingine ni mwavuli ule.

Sasa Mukendi alikuwa ameshika ncha ya uzi. Akiwa chef angeuvuta mpaka mwisho, si kwa ubaya, kwa sababu tu hawezi kuona nakala mbili zisizopatana akalala. Na mimi ningekuwa Kasindi, nikingoja. Kuanzia siku hiyo sikusoma tena ili nijue. Nilisoma ili ashindwe, na nilipoona hatashindwa, nikaanza kufikiria njia nyingine.

Papa Kitsa alipanga kuja Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya kila mtaa. Kipimo chake kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kila mmoja wetu angeonyesha ukutani, kwa projecteur, programu ya mazoezi aliyoijenga mwenyewe chini ya ulinzi wa gardien, ikifanya kazi. Pili, tungeulizana maswali kumi kumi, Victoire akihesabu. Programu ya Mukendi ilikuwa nzuri, naikiri. Yangu ilikuwa nzuri pia, lakini ya kwake ilikuwa na maelezo kila mstari.

Jumamosi, saa sita kasoro dakika chache, gari la Papa Kitsa lilipiga honi nje. Mukendi alisimama, akavuta shati, akaenda kumpokea mzee. Victoire alimfuata na mwavuli. Nikabaki peke yangu na mashine. Gardien wa mazoezi nilikuwa nimemzima mwenyewe Alhamisi, nikijaribu jambo, na sikuwa nimemwasha. Niliingia kwa mlango wa nyuma ninaoujua kuliko mtu yeyote, nikashika programu ya Mukendi, nikaiandikia idadi ya kontena: sifuri. Kontena zake zikazimika moja baada ya nyingine. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kitenge. Nilipoinua kichwa walikuwa wanapangusa miguu mlangoni, na nikawapokea kwa uso mkunjufu, nikamletea Papa Kitsa kiti.

Nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama zamani.

Papa Kitsa alikunywa chai kwanza. Aliuliza habari za wazazi wa Victoire, akaeleza matope ya njiani, kule Maboya, akasifu harufu ya kakao ambayo hakuna mtu mwenye pua aliyewahi kuisifu. Mukendi alingoja akiwa amesimama. Kisha akawasha projecteur, akafungua programu yake, na mimi nikatazama ukuta nikingoja kuuona mtupu.

Ilikuwa pale, yote, kijani tupu.

Gardien niliyemzima alikuwa amejiwasha. Hata yeye ameandikwa katika depo kwamba lazima awe macho, na kuna mwingine juu yake anayehakikisha. Kikaratasi namba arobaini na tatu. Nilikijibu mara ishirini kwa mdomo, nikakisifia hata akili yake, na kidole changu hakikuamini neno lolote. Miaka minane kilikuwa kikizima kitu, na kitu kinabaki kimezimwa. Chini ya ile kijani kulikuwa na mstari mmoja wa njano.

Papa Kitsa hakuuona, au aliuona akadhani ni pambo. Mukendi aliuona. Aligeuka, mgongo ukutani, uso kwangu. Sikuona furaha usoni mwake wala huruma. Alikaa, akachukua vikaratasi vyake, akavuta cha juu kabisa.

"Swali ya kwanza, Mama Kahongya. Mutu akibadilisha kitu na mukono ku mashine, inafanyika nini?"

Victoire alikuwa ameshika kalamu tayari kunipa pointi. Kila mtu chumbani alijua jibu, pamoja na yule anayeanika kakao nje. Nilifikiria kusema sijui. Lakini nina kiburi, na sikuweza kumpa Mukendi pointi ile. Nikasema kwamba gardien anaona tofauti, anakirudisha kilivyoandikwa, anaandika saa na jina.

"Bon," alisema Papa Kitsa, akapendezwa. "Njo ile mustari ya jaune? Victoire, soma."

Victoire alisogea ukutani. Msichana yule hana ubaya hata kidogo, alisoma kama anavyosoma somo kanisani. Tofauti imeonekana. Imerudishwa. Saa tano na dakika hamsini na nane. Kisha akafika kwenye jina, akanitazama, akashusha sauti, akalisoma.

Papa Kitsa aliweka kikombe chini. Hakupandisha sauti, hajawahi kunipandishia sauti tangu mazishi.

"Ni mara ya kwanza, Marie-Jeanne?"

Nilikuwa na jibu tayari. Ndiyo, Papa, mara ya kwanza, hasira tu. Angenikemea, angenipeleka Kasindi, na yangeishia hapo. Nilimtazama Mukendi ili nimchukie vizuri kabla sijasema, nikamkuta ameinamia daftari lake, kalamu mkononi, akingoja kuandika chochote nitakachosema. Chochote. Kweli au uongo, kingekaa humo na saa yake na jina langu. Nilichoka ghafla. Sijui kulieleza kwa namna nyingine. Nilichoka mwili mzima, miaka minne kwa pamoja.

"Hapana, Papa," nilisema. "Gari ya Mathe, ni mimi niliirudisha parking. Éphraïm aliandika muzuri."

Victoire alikaa chini. Papa Kitsa alivua kofia yake akaiweka gotini, akaigeuza, akaigeuza tena. Niliwaeleza yote, simu, kicheko, mkeka. Hakuna aliyenikatiza.

"Éphraïm alipiga magoti mbele yangu," Papa Kitsa alisema mwishowe. "Na bibi yake na mimba. Nilimufukuza juu ya bwana yako." Alivaa kofia. "Utaenda Kasindi. Hapana juu ya examen. Utaenda kumuambia weye mwenyewe, na utamuambia arudie kazi yake."

Mukendi aliandika, akafunga daftari, akazima projecteur. Alifanya mtihani Jumatano iliyofuata katika chumba kilekile, mlango umefungwa, Victoire akiwakimbiza kuku wa jirani wasilie dirishani. Alipata themanini na tisa kwa mia. Niliposikia nilikasirika kwamba hakupata mia, baada ya kelele zote zile.

Mimi msafara wangu ulikuwa Alhamisi. Asubuhi ile gari lilikuwa limewashwa mbele ya ofisi ya Beni, wanajeshi wanavuta sigara njia panda, na dereva alikuwa ananihimiza. Nilimwambia angoje. Niliingia ndani nikakaa upande wangu wa mstari wa chaki, nikafungua depo, nikatafuta ukurasa wa lori la Mathe. Nikaandika: ilitoka Kasindi Jumanne saa nane, kama alivyoandika Éphraïm. Nikaweka jina langu, nikamtumia mtu wa pili.

Mukendi alikuwa upande wa pili wa meza, anapanga vikaratasi vyake katika boksi. Kompyuta yake ililia. Alisoma muda mrefu kuliko mstari wenyewe ulivyo. Kisha yangu nayo ikalia, na nilikuwa najua kitakachokuwamo hata kabla sijatazama.

Andika sababu.

Nilitaka kumrushia kiti. Naapa nilishika mgongo wa kiti. Honi ililia nje, mara mbili, na Mukendi hakuinua uso, aliendelea kupanga vikaratasi, kona kwa kona. Niliachia kiti. Nikaweka vidole juu ya herufi na kwa muda sikujua niandike nini, kwa sababu kwa miaka minne nilikuwa nimejieleza mengi, hatari, haraka, mapenzi, na hakuna hata moja iliyokuwa kweli. Ya kweli ilikuwa ndogo sana. Niliiandika kwa mstari mmoja.

Sababu: Mathe hakutaka kugombezwa.

Mukendi aliisoma. Akabonyeza, na ukurasa ukageuka kijani, jina langu na chini yake jina lake. Dakika tatu baadaye gardien alipita, na lori la Mathe likatoka parking.

Bado simpendi. Nilichukua begi langu nikatoka bila kumuaga, naye hakuinuka. Lakini nilipopanda gari nilimwuliza dereva saa, nikatoa simu, nikaandika katika depo kwamba Marie-Jeanne Kahongya ametoka Beni saa mbili na dakika kumi na mbili, pamoja na msafara, anaelekea Kasindi. Safari hii sababu niliiandika kabla Mukendi hajaniuliza.

Alikubali kabla hatujafika kwenye njia panda.